Mashini Iliyokataa Maharage Yetu

Mgongo wangu ulinigomea katikati ya palizi, msimu uliopita. Niliinama kung'oa jani, nikashindwa kuinuka, na majirani wakanibeba kama gunia hadi nyumbani. Tangu hapo naweza kusimama, naweza kutembea mpaka kisimani na kurudi, lakini kuinama siwezi. Na mtu asiyeinama hapa Rubondo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, atapandaje maharage?

Binti yangu alikuwa mjini Mbarara, kwenye karakana moja ya mtaa wa Ruti, akijifunza kuchomelea vyuma na kutengeneza zana za kilimo. Aliposikia habari zangu alituma ujumbe kwamba ataacha mafunzo, arudi kushika jembe. Nilikasirika mno. Mimi nilikimbia Kivu ya Kusini na mtoto huyu mgongoni, sikumleta mpaka huku ili aje kuinama badala yangu. Tukabishana kwa simu mpaka akaniomba nimpe muda. Angenitengenezea mashini ya kupandia. Ikikubali, atabaki Ruti. Ikikataa, atarudi Rubondo, na nisimwambie neno.

Nilikubali. Ningefanya nini? Nikawa naomba mvua ichelewe, dhambi kubwa kwa mkulima.

Alifika mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha udongo. Ile mashini ilifungwa nyuma ya bodaboda, na watoto wa mtaa mzima wakaikimbilia. Mbele ilikuwa na gurudumu la baiskeli. Nyuma ya gurudumu kijembe kidogo cha kuchana mfereji, juu yake kopo la mbegu, na ndani ya kopo sahani ya chuma yenye matundu. Ukisukuma, gurudumu linazungusha sahani, na kila tundu linabeba punje na kuidondosha mferejini. Mnyororo unaoburuzwa nyuma unafukia. Niligusa zile sehemu alizochomelea, laini, zimejipanga mstari mmoja. Huyu ni yule yule aliyekuwa hawezi kufunga mlango wa banda la kuku! Nilitaka kumsifu, nikaona nitalia, nikamuuliza kama amekula.

"Mama, utasimama tu wima, utasukuma," aliniambia. "Hautainama tena."

Tukamimina mbegu, nikashika mpini. Hatua chache tu, gurudumu likagoma. Akafungua kopo. Punje moja kubwa ya manjano ilikuwa imenasa tunduni. Akaitoa, nikasukuma tena, tukasikia kitu kinavunjika. Safari hii yalikuwa maharage mekundu yenye michirizi, yamekatika nusu nusu. Punje moja moja ziliteremka salama, zile zilizolingana na tundu. Nyingine ama zilikwama, ama zilisagika.

Hapo nikaelewa, naye akaelewa, tukatazamana. Mashini yake ilikuwa imepimwa kwa maharage ya dukani mtaa wa Nyamityobora, huko huko Mbarara, yale ya kununua kwenye pakiti, yote ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Sisi watu wa Kivu, na majirani zetu Warundi vilevile, hatupandi hivyo. Tunachanganya makubwa ya manjano, mekundu ya michirizi, meupe ya mviringo na yale meusi madogo, yote kapu moja, shamba moja. Mtoto huyu alikula mchanganyiko huo tangu alipoota meno. Lakini ukikaa sana na fundi wa mjini, hata chungu cha mama yako unakisahau.

Jirani yangu Mrundi, aliyekuja kushuhudia, alitoa shauri, ingawa naye huchanganya. "Dada, muyachambue. Mpande ya aina moja, mengine mpike."

Binti akanitazama kwa matumaini. Nikakataa katakata.

"Miye sipandake haragi ya rangi moja," nilisema. "Mvua ikiwa mingi, ile ya manjano itabeba. Ikikosa, ile nyeusi ndiyo itatulisha. Usiache mbachao kwa msala upitao."

Niliona mabega yake yakishuka, na moyo wangu ukashuka pamoja nayo, maana nilijua anachowaza: jembe. Nilijilaumu kwa mdomo wangu, ila ukweli ulibaki kuwa ukweli. Kisha akaniletea kiti, naye akaketi chini mbele yangu, akaniwekea kapu mapajani.

"Mama, kamata maharagi. Uangushe sawa vile unapandaka."

Nikaangusha. Akatazama vidole vyangu, si uso wangu.

"Tena."

Nikaangusha tena, na tena. Mara mawili makubwa, mara matatu madogo, mara moja kubwa na jeusi lake. Akaanza kucheka peke yake.

"Kule Ruti balitufundisha shimo moja, mbegu moja. Huku haiko vile! Mi nilitengeneza mashini ya batu ba mu duka."

Akaichomoa sahani, akachukua tupa, akakaa kivulini kupanua matundu. Alisugua mchana kutwa, akipima kila tundu kwa punje kubwa kuliko zote kapuni. Kubwa likiingia, linaingia moja. Yakiwa madogo, yataingia mawili au matatu, kama yanavyotoka mkononi mwangu. Kipande cha chuma juu ya sahani, kilichokuwa kinakwangua punje za ziada na kuzivunja, alikiondoa, akaweka ulimi wa mpira alioukata kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira unasukuma punje bila kuiumiza. Vidole vyake vilitoka malengelenge. Nilimtazama nikajisemea, Mungu wangu, huyu nimemzaa mimi?

Kulipokucha nikasukuma. Gurudumu likaenda. Niliposikia maharage yakidondoka, tik, tik, bila kuvunjika, nilipiga vigelegele hadi jirani akatoka na sufuria mkononi. Nikafika mwisho wa shamba, nikageuka mwenyewe, nikarudi na mstari wa pili. Binti alinifuata akifukua hapa na pale kukagua, na kila alipofukua alikuta rangi tofauti.

"Mama, nibakie kwanza, nikusaidie kumaliza?"

"Umalize nini? Shamba ni ya nani? Kazi yako iko inakungojea Ruti."

Kwetu mtu haondoki bila kusindikizwa hadi njiani, hata mgeni wa siku moja. Binti yangu aliondoka asubuhi iliyofuata akiwa peke yake na mfuko wake. Sikumsindikiza. Nilikuwa shambani, napanda.