Siku Nilipomkana Shangazi Hadija

Juzi nilipita karibu na soko la Nyamirambo, hapa Kigali, harufu ya ndagala wa kukaanga ikanijia puani. Wale dagaa wadogo wa Ziwa Tanganyika wakishaingia kwenye mafuta ya moto, mtaa mzima unajua. Wapita njia walimeza mate. Mimi niliinamisha kichwa, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nitawaambia ninyi sababu, ingawa hata mume wangu sijawahi kumwambia.

Nilikuwa na miaka kumi. Shangazi Hadija, dada yake baba, alikuwa ametoka Bujumbura kuja kukaa kwetu, na tulilala naye chumba kimoja. Kule alikuwa mwalimu. Alikuwa mrefu, na kicheko chake kilivuka ukuta wa jirani. Kila asubuhi alivaa gauni lililonyooshwa vizuri, akapanda basi la kwenda mtaa wa Sonatubes. "Naenda kazini," alisema, nami kichwani mwangu niliona ofisi yenye meza na kompyuta. Jioni, akiwahi kurudi, alinipitia shuleni, tukapandisha kilima pamoja tukitafuna karanga.

Kigali aliipenda, ila kwa jambo moja. Alikulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na Jumapili zao zote walizimalizia ufukweni mwa ziwa. "Mji huu mzuri, lakini watu wake wanaogelea wapi?" aliuliza kila wiki. Basi Jumapili moja baba akasema twende kwenye bustani ya bondeni, ile yenye mabwawa, ambako familia huenda kutembea na maharusi kupigwa picha. Shangazi alifurahi kama mtoto. Alikaanga ndagala, akapika na ndizi.

Watu wa bustani ile walikuwa nadhifu, wakitembea polepole na kuongea kwa sauti ya chini. Sisi tulitandika mkeka, Shangazi akafunua bakuli, na harufu ikatutangulia kila upande. Nikaanza kujisogeza pembeni kidogo kidogo. Baba na mama wakampeleka mdogo wangu kwenye bembea. Ndipo Shangazi akavua viatu, akakunja kitenge hadi magotini, akaingia kwenye bwawa huku akiimba.

Mlinzi alipuliza filimbi. "Mama! Toka mu maji! Hapo haiko ruhusa!"

"Nisamehe, mwanangu," Shangazi akamjibu akicheka. "Miguu yangu ilikuwa na kiu."

Watu waliangua kicheko. Mmoja akatoa simu apige picha. Na hapo hapo mtu akanigusa bega. Alikuwa Keza, msichana wa darasani kwetu ambaye wazazi wake walikulia Uganda, na ambaye urafiki wake niliutamani hadi nikawa namwandikia hesabu zake.

"Ule mama ni wa kwenu?" akauliza.

"Hapana," nikasema haraka. "Ni mfanyakazi wetu wa ndani. Hajazoea mjini."

Nilipogeuka, Shangazi alikuwa hatua tatu nyuma yangu, viatu mkononi, maji yakimchuruzika miguuni. Nilingoja kofi. Badala yake aliinamisha kichwa mbele ya Keza, akasema, "Karibu, dada mdogo. Nawaletea chakula."

Akatutengea sahani mbili. Akapiga magoti, akatunawisha mikono, kisha akasimama kando hadi tulipomaliza. Keza alilamba vidole. Mimi nilikula bila kuinua macho. Mama alipenda kusema mkataa kwao mtumwa, lakini siku ile methali ilipinduka: mimi nilikataa, yeye akatumika.

Njiani kurudi nilisubiri anishitaki. Hakusema neno. Wiki hiyo hakusema, wala mwezi ule. Ila tangu siku hiyo hakunipitia tena shuleni.

Baadaye alirudi Bujumbura, akapata tena darasa lake. Mwaka jana nilijikaza nikampigia simu.

"Shangazi, unakumbuka ile siku ya bustani?"

"Nakumbuka. Nimekuwa nikitaka kukuuliza. Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kwamba nafanya kazi za ndani. Kule Sonatubes nilikuwa nafua na kupika kwa watu. Tulikubaliana na baba yako msijue ninyi watoto. Uliposema vile kwa mwenzako, nikajua umeshagundua. Sikukukasirikia, mwanangu. Ulisema ukweli, ningeukana vipi? Ndiyo maana niliacha kuja shuleni, nisikutie aibu."

Ningemwambia kwamba sikujua lolote? Kwamba nililiokota neno lile kwa sababu, kwa akili yangu ya miaka kumi, hakukuwa na mtu wa chini zaidi ya mfanyakazi wa ndani?

"Nisamehe, Shangazi," ndilo pekee lililonitoka.

"Nilikusamehe zamani," akasema, na papo hapo akauliza kama wanangu wamepona mafua.

Tangu hapo tumezungumza mara nyingi, na kila mara ukweli hunifika mdomoni ukarudi. Nikiunyamazia, nabaki na msamaha uliotolewa kwa mtoto mkweli ambaye hakuwahi kuwepo. Nikiusema, nitamjulisha kwamba alipiga magoti mbele yangu bure. Bado sijaamua kipi kati ya hivyo ni woga, na kipi ni huruma.