Kofia ya Nazareno

"Siku mtakayoniona nakunywa tacacá ya mwanamke mwingine, nizikeni. Hata kama bado natikisa miguu."

Bi Oneide, muuza tacacá, aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, mbele ya parokia nzima, padri akiwemo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini walimwelewa. Huko Belém, Brazili, mtu ana muuza tacacá wake, ule mchuzi moto wa muhogo unaonywewa kwenye kibuyu, kama alivyo na timu yake ya mpira: hahami.

Mungu naye ana masikio. Januari homa ilimlaza Oneide, na ilipoondoka ikaondoka na pua na ulimi wake. Hakumwambia mtu. Mchuzi wake wa muhogo akaendelea kuutia chumvi kwa mazoea ya mkono, na wateja wakaanza kurudisha vibuyu vikiwa nusu. Mwenyewe akajifariji kwamba labda ni muhogo, labda wauzaji sokoni wanachakachua. Njia ya kujua ilikuwa moja tu, kuonja vya wenzake. Akikuta ladha huko, kosa ni la sufuria yake, na sufuria hurekebishika. Asipoikuta, anafunga meza.

Jumapili akavaa kofia pana ya mumewe Nazareno, mpagazi mstaafu wa bandarini, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

"Vaa viatu, baba watoto. Tunatembea kula."

"Kula wapi?"

"Tutajua mbele ya safari."

Wakaanzia sokoni Ver-o-Peso, kwa uji mzito wa matunda ya açaí na samaki wa kukaanga. Oneide alisikia ubaridi, basi. Kibanda cha pili walikula maniçoba, majani ya muhogo yaliyochemka wiki nzima na nyama ya nguruwe. Kwake lilikuwa tope la moto.

"Tamu, eh?" Nazareno akauliza.

"Sana," akajibu, akashukuru kwamba kofia ni pana.

Mwisho wakafika mtaa wa Umarizal, kwenye meza ya Lindanor, hasimu wake tangu wote wawili wana viuno vyembamba. Akamtuma Nazareno kuagiza, yeye akajibanza nyuma ya nguzo. Kibuyu kikaja kikifuka moshi. Akanywa bila kijiko, inavyopasa. Chumvi haipo. Kamba wakavu ni raba tupu. Akatafuna majani ya jambu, yale yanayotia ganzi mdomoni, kwa kumalizia tu, na mdomo wa chini ukaanza kumtetemeka, polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya miezi mingi. Machozi yakamtoka.

"Shoga," Lindanor akasema, akiosha vibuyu bila kugeuka, "kofia ya mumeo imekukaa vizuri. Tukuzike leo au tungoje Jumatatu?"

Oneide akaivua. "Sina ulimi, Lindanor. Tangu Januari sionji kitu."

Nazareno akaweka kibuyu chake chini. Lindanor akafuta mikono kwenye aproni, akaja kukaa karibu nao.

"Kumbe. Wateja wako wakitoka kwako wanapita hapa kuomba maji. Nikadhani umeanza kuwauzia bahari."

Oneide akamgeukia mumewe. "Na wewe ulijua chumvi imezidi?"

"Nilijua."

"Na kila jioni unamaliza kibuyu."

"Ulikuwa unaniangalia."

Mwanamke aliyezoea kujibu hata kengele ya kanisa akamshika mumewe mkono.

"Ulimi wake mzima huo, mtumie," Lindanor akasema. "Tangu atoke bandarini anakaa bure. Jambu je, umelisikia?"

"Limenitetemesha."

"Basi majani yako, chumvi yake. Na mnilipe. Maiti hana mfuko, lakini mjane wake yupo hapa."

Sasa ukipita kwenye meza ya Oneide, kona ya Batista Campos, utamkuta Nazareno kando ya sufuria na kijiko chake, kakunja uso kama afisa wa forodha. Bi Oneide hapakui mpaka atafune jani la kwanza, macho kafumba, akingoja mdomo umjibu. Kibuyu kimoja ni reais ishirini na tano.