Baiskeli Iliyopakwa Baraka

Wifi yangu Sunkesari hakuwahi kushuka mlima bila karafuu moja mdomoni. Aliishika kwa meno ya mbele na hakuitafuna. Alisema mtu anayeshuka na baiskeli huku anaogopa hukaza taya, taya ikikaza shingo nayo inakaza, shingo ikikaza mikono inakuwa miti, na mti haujui kukata kona. Akifika chini na karafuu nzima, alijua ameshuka vizuri. Ikiwa imesagika, alikaa kimya njia yote ya kurudi nyumbani. Ni mimi tu niliyejua kwa nini, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimnunulia karafuu.

Aliolewa na kaka yangu Tirthaman akiwa na miaka ishirini na miwili. Sisi ni wachonga mbao wa kijiji cha Bungamati. Kwetu mtoto hulala kwa mlio wa nyundo juu ya patasi, ukinyamaza anaamka. Sunkesari alipiga msasa madirisha aliyoyachonga kaka, akazaa watoto wawili, akapika, akafagia vumbi la mbao kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili. Kuhusu miaka hiyo sina la kusimulia zaidi, na jambo hilo hunihuzunisha kuliko mengine niliyoyaona baadaye.

Baiskeli ilikuwa ya kaka. Daktari alimwambia sukari imepanda, apunguze tumbo, naye akanunua baiskeli ya milimani, ya mtumba lakini nzima, yenye springi mbele na breki za sahani. Aliipanda Jumamosi tatu. Ya nne akasema goti linamuuma, akaitundika karakanani juu ya mbao zinazokauka. Mwezi mmoja baadaye nilimkuta wifi anazunguka nayo uani, sari ameikunja hadi magotini, mabata wanakimbia huku na huku.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Naipunguza sukari ya kaka yako."

Alipoanza kutoka nayo barabarani, wanawake waliokuwa wakifua bombani walimngoja.

"Mke wa Tirthaman, maziwa hayo unampelekea nani?"

"Nampelekea mumeo. Kaniambia ya kwako yamechacha."

Tangu siku hiyo walimwacha apite.

Alijiunga na fundi Phurba, mtengenezaji wa baiskeli wa njia panda ya Satdobato, na wenzake sita waliokuwa wakipanda mlima wa Phulchoki kila Jumamosi. Walimwita Shemeji. Miezi ya kwanza alipanda akiisukuma baiskeli, na kushuka pia akiisukuma, nao walimngoja chini wakinywa chai na kumcheka. "Shemeji, mbona unaitembeza kama mbuzi wa mahari?" Alikuwa akisoma njia. Alihesabu mizizi, akajua mawe yanayokaa na mawe yanayohama.

Siku moja nilipanda gari la Phurba nikasimama kwenye kona ya tatu, penye mialoni minene, nimwone. Nilisikia tairi kwanza, mlio kama wa kitambaa kinachochanwa polepole. Kisha akatokea, amesimama juu ya pedeli, magoti yamelegea, makalio yako nyuma ya kiti, na macho yake hayakuwa njiani bali mbele kabisa, kule anakokwenda. Aliinamisha baiskeli na yeye mwenyewe akabaki wima. Majani makavu yaliruka. Akapita. Hakuniona, nami sikuwa nimewahi kumwona.

Nilimwuliza baadaye kuna nini kule.

"Wifi, kutoka juu hadi chini ni dakika kumi na nane," akasema. "Kwa dakika kumi na nane hakuna anayeniita."

Hatari hakuificha. Mizizi ya mwaloni ikilowa huteleza kama samaki. Mvua za masika zikija kuna ruba, na kuna wachungaji wanaoswaga nyati njiani bila kutazama juu. Phurba aliacha meno mawili ya mbele kwenye jiwe la kona ya tano. "Acha yakae," wifi alimwambia, "yatuangalizie njia."

Mama yangu hakuigusa baiskeli hiyo kwa miaka minne. Akiikuta mlangoni aliizunguka kama mtu anayezunguka mbwa. Mke wa nyumba kupanda mlima kwa ajili ya kushuka tu, bila hata kuleta kuni, hakuelewa, na mambo asiyoyaelewa Mama huyanyamazia.

Kisha ikaja siku ya tisa ya sikukuu ya Mohani, siku ya vyombo vya kazi. Kwetu siku hiyo kila kinachotulisha huabudiwa: patasi, nyundo, misumeno, pikipiki ya kaka, vyote hupangwa uani na kupakwa wekundu na damu. Sunkesari alikuwa jikoni. Mama, bila kuambiwa na mtu, aliitoa baiskeli karakanani akaiweka mwisho wa mstari. Alikoroga unga mwekundu kwa mafuta ya haradali, akavunja yai, akanyunyiza damu ya bata, akauvika usukani taji la maua ya manjano. Wekundu mwingi aliupaka kwenye zile sahani mbili za breki, kwa kidole gumba, taratibu, kwa sababu ndizo zilizong'aa kama kioo cha shaba kinachowekwa mbele ya mungu.

Sunkesari alitoka jikoni akaona. Aliinama akaigusa miguu ya Mama kwa paji la uso, akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko desturi.

Baraka haifutwi, huachwa ipukutike yenyewe. Kwa hiyo Jumamosi aliimwagia baiskeli maji tu, bila sabuni, akaenda mlimani.

Kule juu breki ililia kidogo, akadhani ni umande. Kwenye kona ya tatu alibana mikono yote miwili hadi vidole vikagusa usukani, na baiskeli haikupunguza chochote. Alikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya korongo na kichaka, akachagua kichaka. Mtulinga ulivunjika, na mbavu mbili. Karafuu aliimeza.

Jioni hiyo Phurba alikuja hospitalini na pedi za breki kwenye kiganja. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa.

"Mafuta," akasema. "Shemeji, nani katia mafuta kwenye breki?"

"Ni mvua."

"Mvua gani inanuka achari?"

Sunkesari alizichukua pedi akaziweka chini ya mto. Alimtazama Phurba mpaka yule bwana akaanza kuzungumzia bei ya machungwa. Kisha akanitazama mimi.

Kikao kilikaa wiki ya tatu, ghorofani, yeye akiwa na mkono shingoni. Walikuwepo kaka, Baba Mkubwa na Mama. Mama alianza.

"Niliiombea kwa mkono wangu mwenyewe. Kama baraka zangu hazikumshika, basi mungu hataki. Mimi sina la kuongeza."

"Iuzwe," akasema Baba Mkubwa.

Neno moja lingetosha kuimaliza kesi ile. Nilifungua mdomo, na wifi, kwa mkono wake mzima, akanifinya paja hadi nikaona nyota.

"Baba Suyog," akamwambia mumewe, "hebu onyesha mkono wa kushoto."

Kaka alisita, kisha akaunyoosha. Kidole cha shahada kiliishia kwenye kifundo. Patasi ilikula kilichobaki, mwaka ule wa madirisha ya hoteli.

"Patasi iliyokula kidole hicho mbona haikuuzwa? Siku ya tisa iko ya kwanza kwenye mstari. Na wewe Baba Mkubwa, goti hilo lilivunjika siku ya sikukuu, mkivuta kwa kamba gari la mungu. Uliporudi ulikuta watu wamekupikia karamu."

"Lile ni la mungu," akasema Baba Mkubwa.

"Na patasi ni ya tumbo. Sawa. Hii ni yangu."

Kaka alirudisha mkono mapajani.

"Unataka kujiua?" akamwuliza, na sasa alikuwa anaongea na mke wake, si na kikao.

"Nataka kushuka. Mfupa ukiunga, narudi."

"Nikikukataza?"

"Kataza. Utakuwa umekataza, nami nitakuwa nimekwenda."

Jikoni nilimwuliza kwa nini hakusema kweli. Alikuwa akichambua dengu kwa mkono mmoja.

"Miaka minne hakuigusa," akasema. "Siku aliyoigusa nimwambie kanivunja mfupa?"

"Basi acha kupanda, mambo yaishe."

"Hilo nalo hapana, wifi. Nimemezea moja. La pili halipiti."

Mwezi wa Baisakh, nusu mwaka baada ya kuanguka, alirudi mlimani, ana chuma kilichounga mfupa begani. Mama aliacha kusema naye. Akimkuta mkekani alimzunguka kama alivyoizunguka baiskeli zamani, akampakulia wali akitazama ukuta. Bombani walisema anapanda juu ya laana. Sunkesari aliwajibu wale wa bombani. Kwa Mama alikula na kunyamaza, na kila Jumamosi alitoka mlango wa mbele mchana kweupe, hakuwahi kupita wa nyuma. Miezi sita iliendelea hivyo. Mimi nilikuwa katikati, na sikuwa na ujasiri wa kuwa upande wowote.

Mohani nyingine ilipofika, aliiweka baiskeli mwisho wa mstari yeye mwenyewe, akapiga magoti kando yake. Mama alipita akipaka patasi, nyundo, misumeno, pikipiki. Alipofika mwisho akasimama na bakuli lake la wekundu, tayari kugeuka.

Sunkesari aliushika mkono wake. Hakuuvuta, aliushika tu, akauelekeza kwenye chuma kilicho chini ya usukani.

"Hapa, Mama. Paji la uso liko hapa."

Mama alitazama pale. Kisha macho yake yakashuka kwenye sahani ya breki, yakakaa huko.

"Mwaka jana nilipaka pale," akasema.

"Mwaka jana umepita, Mama."

Mama alikitazama kidole gumba chake, chekundu, kinachong'aa kwa mafuta. Niliona jambo likimwingia usoni polepole, kama maji yanavyoingia kwenye ubao. Hakulia. Alipaka alama moja ndogo pale alipoonyeshwa, kisha akaokota upindo wa sari yake ya sikukuu akaifuta ile sahani ya breki, ingawa haikuwa na kitu, mbele na nyuma, akirudia na kurudia, mpaka wifi akamwinua.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta getini anavaa glavu. Kulikuwa kumenyesha usiku kucha, na niliifikiria mizizi ile. Nikamwuliza, na akianguka tena, tutasema ni kosa la nani?

"Langu," akasema. "Wewe kula, usinisubiri."