Sauti ya Mama Mkwe Niliyoifuta kwa Mkono Wangu

Nianze na lililo gumu, maana nikizungukazunguka sitalisema. Niliifuta sauti ya marehemu mama mkwe wangu kwenye kompyuta ya nyumbani, halafu nikakaa kimya wakati mtu mwingine anaadhibiwa kwa kosa hilo. Jina langu sitalitaja, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Mambo mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Miaka hiyo nilikuwa wakala wa kupitisha mizigo hapa mpakani Tunduma. Tulikuwa bado mkoa wa Mbeya. Nilinunua kompyuta ya mtumba upande wa pili, Nakonde, yenye kioo cha chogo kizito kama gunia la mahindi. Mtaani kwetu nilikuwa wa kwanza kuwa na kompyuta sebuleni, na nilijiona mtu kweli.

Mke wangu, nimwite Tusekile, ni Mndali wa milima ya Ileje. Mama yake alipougua tulimleta kwetu awe karibu na hospitali. Katika miezi yake ya mwisho Tusekile alimrekodi kwa simu yake ya Kichina. Bibi alisimulia alivyoolewa, aliimba nyimbo za kanisani kwa Kindali, aliwataja ndugu waliotawanyika na walikoelekea. Kuna mahali alikatiza na kuuliza, "Hicho kidude kinayameza maneno yangu au kinayatunza?" Tusekile akacheka. Kicheko chake nacho kikaingia humo.

Bibi alipofariki, simu ile ikaibiwa stendi. Bahati nzuri sauti zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye kompyuta. Basi kila Jumapili mchana, tukitoka kanisani, Tusekile aliivuta stuli, akafungua folda la mama yake na kusikiliza. Wakati mwingine alimjibu. Mimi nilikuwa natoka nje nimwache.

Nyumbani kulikuwa pia na mdogo wake, Ambokile, aliyekuwa anasoma chuo cha ualimu. Likizo alikuwa analala kwetu, na jioni alichapa kazi zake za chuo kwenye kompyuta ile. Kijana mpole, haongei mpaka aongeleshwe. Mama yao alipofariki, Tusekile ndiye aliyebaki kuwa mama kwake.

Sasa nisikilize upumbavu wangu.

Karibu na ofisi zetu kulikuwa na kibanda cha kuuza muvi. Unapeleka flashi, wanakujazia unachotaka. Ijumaa moja niliomba picha chafu, zile ambazo mtu hawezi kuangalia mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mke wangu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Ambokile yuko nje anafua. Nikachomeka, nikazihamishia, nikazificha ndani ya folda nililoliita Forodha nikidhani nimekuwa mjanja.

Kesho yake Jumamosi niliamka mapema niiwashe. Ikawaka kwa kusuasua. Mafolda yote yalikuwa yamewekewa kamshale kadogo pembeni, na nikibofya hayafunguki. Nikabofya la mama mkwe. Hakuna kitu. Nikazima, nikawasha tena, mambo ni yaleyale. Mwili ulinitoka jasho na Tunduma ile kulikuwa na baridi ya kutetemesha.

Mtu mwenye akili angeita fundi. Fundi alikuwepo, tena jirani, Baba Neema. Lakini Baba Neema huyohuyo ndiye aliyekuwa akifundisha kwaya anayoimba mke wangu. Nikamwona akilini akikaa sebuleni kwangu, akifungua kimoja kimoja, mpaka anafika kwenye lile la Forodha. Nikasema moyoni, heri vipotee vyote.

Tusekile alikuwa ameenda sokoni. Ambokile nilimsikia akiaga kwamba anatoka mara moja. Nikakimbia ofisini, mwenzangu mmoja akaniazima sidii na kunielekeza namna ya kupiga window mpya, yaani kufuta mashine yote na kuiwekea programu upya. Aliniambia kila kitu kitakuwa kama kimetoka dukani. Hakuniuliza kuna nini ndani, na mimi sikumwambia.

Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nikabofya ndiyo.

Ilipomaliza, ilikuwa nyeupe na tupu, na utupu ule ukanitisha zaidi ya virusi. Nikaona mke wangu akiikuta hivi atajua mara moja. Nikarudi kibandani, safari hii nikajaza muvi za Kinaijeria, nyimbo za kwaya, mahubiri, chochote. Niliijaza mpaka ikakataa kupokea. Nilitaka ionekane inaishi.

Jumapili mchana Tusekile akavuta stuli yake.

Nilikuwa mlangoni navaa viatu ili nitoke. Niliwahi kufunga kamba ya kiatu kimoja tu. Aliniita akiuliza mama yuko wapi. Hakusema sauti za mama ziko wapi, wala folda. Aliniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, "Baba Anyisile, mama yuko wapi?"

Nikamjibu bila hata kufikiri. Nilimwambia amuulize mdogo wake, kwa sababu yeye ndiye anayechomeka flashi za chuo kwenye mashine, na flashi za chuo zimejaa virusi. Nikaongeza kwamba nimejitahidi sana kuokoa nikashindwa.

Ambokile aliitwa. Alisimama pale sebuleni, mikono nyuma, akasikiliza mashtaka yote. Kisha akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, na ndiyo maana sijasahau. Akamwambia dada yake kwamba yeye hajafuta chochote.

Tusekile alilia kama siku ya msiba. Alimwambia mdogo wake maneno ambayo sitayaandika hapa. La mwisho ndilo lililomtoa: "Mama amekufa mara ya pili, na safari hii umemuua wewe." Ambokile akakunja nguo zake, akatoka na begi lake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi na kiatu kimoja kimefungwa.

Toka hapo sikutulia. Nikiwa mpakani katikati ya malori, madereva wa Zambia wananisalimia "mulishani," mimi naitikia huku akili iko nyumbani. Nilirudi mchana bila sababu, nikachungulia, nikatoka tena. Simu ya mke wangu ikiita, nilisogea nisikie ni nani. Chakula kilinishinda. Watu walidhani naumwa, wengine wakasema labda nimefilisika.

Habari zikatufikia kwamba Ambokile hajarudi chuo. Ameonekana Galula, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Tusekile aliposikia aliendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Sikusema.

Baadaye kompyuta ikagoma kuwaka kabisa. Mke wangu, bila kuniuliza, akamwita Baba Neema. Nilirudi nikamkuta ameshaifungua, na Tusekile anamweleza habari ya sauti za mama yake. Yule fundi akatikisa kichwa. Alisema virusi wa siku zile ni wale wenye vimishale, anawajua, walikuwa wameenea mji mzima. Hawafuti kitu. Wanaficha tu, na kuyarudisha mafaili ni kazi ya muda mfupi. Alisema hata mtu akishapiga window, bado kuna namna ya kuyatafuta, ilimradi asiijaze mashine vitu vingine juu yake.

Nilitoka nje. Sauti ya bibi ilikuwa mle ndani wakati wote ule. Kwanza niliifuta mimi, halafu nikaizika na muvi za Kinaijeria.

Siku kadhaa nilizunguka na maneno mdomoni. Nikamkuta Tusekile jikoni anachagua maharage kwenye ungo, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamwambia yote. Flashi, picha chafu, sidii, uongo. Hakuinua macho. Aliendelea kutoa mawe, moja moja, mpaka maharage yakaisha. Ndipo akasema kesho tunakwenda Galula, na nitayasema yote hayo kwa mdomo wangu.

Tulipanda basi hadi Mbalizi, tukapata gari la kushuka bondeni, na kipande cha mwisho tukakodi pikipiki mbili. Moja ingetosha, lakini alikataa kukaa nami.

Tulimkuta Ambokile kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, mweupe kwa vumbi hadi kope. Akamsalimia dada yake kwa heshima, akanisalimia na mimi. Nilianza kueleza, naye akanikatisha taratibu.

"Shemeji, mimi nilijua."

Akasema ile Jumamosi aliiwasha kompyuta kabla yangu, alfajiri, akaona vimishale, akaona na majina ya zile picha kwenye orodha ya vilivyofunguliwa mwisho. Alipoaga kwamba anatoka, alikuwa anakwenda kwa rafiki yake kuchukua programu ya kuondoa virusi. Aliporudi nayo mfukoni, akakuta nimeshafuta kila kitu.

Dada yake akamuuliza kwa nini hakusema. Alimuuliza akiwa amemshika mkono kwa nguvu.

Ambokile alijifuta uso. "Dada, mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kufa. Ulikuwa umebaki na mume na nyumba yako. Ningesema siku ile, ungebaki na nini?"

Mashine ilikuwa inanguruma pale nyuma. Tusekile alimkumbatia mdogo wake, vumbi lote likahamia kwenye kitenge chake. Mimi nilisimama pembeni kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Nilimwomba msamaha. Akaniambia amenisamehe, ila nisimwombe arudi kulala nyumbani kwangu.

Chuo hakurudi. Nafasi ilishapita na mwenyewe alisema kichwa kimeshatoka huko. Anampigia dada yake simu kila wiki, na mimi hunisalimia kupitia kwake. Tusekile yupo, tunaishi, ananipikia. Juzi mtoto wetu alimwuliza bibi alikuwa anaongeaje. Akafungua mdomo amwigize, akajaribu, akafunga. Akamwambia, "Nilikuwa nakumbuka."

Wenzangu, kompyuta ikiugua muiteni anayejua, hata kama ndani yake kuna aibu yenu. Fundi angezikuta zile picha, angenicheka, angeweza hata kuwahadithia wanakwaya. Ningeona haya mwezi mmoja au miwili, kisha watu wangesahau. Na wewe ambaye sasa hivi kuna mtu anasemwa vibaya kwa jambo ulilolifanya wewe, usisubiri apatikane fundi wa kukuumbua. Inuka ukaseme leo. Huenda anajua kwamba ni wewe, na amenyamaza kwa sababu anampenda mtu ambaye wewe unamdanganya.