Sweta ya Baba kwenye Maji ya Moto

Ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi, siku ya Ijumaa, mama alipoitoa sweta ya baba sandukuni. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Baba tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla, nyumbani kwetu karibu na Keumbu.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kuzigawa nguo zake, kama ilivyo desturi yetu. Koti lilikwenda kwa kaka yake mkubwa, viatu kwa mpwa wake. Sweta, ya sufu ya kijivu, alipewa baba mdogo aliyeishi Nyaramba. Mama aliambiwa aifue tu. Mwenyewe angeijia Jumapili.

Kijijini hapakuwa na mwanamke aliyemzidi mama kwa kufua sufu. Alitumia maji baridi ya mtoni, na sabuni ya mche aliyoikwangua kwa kisu na kuiyeyusha kwanza. Hakusugua wala kusokota. Aliibonyeza sweta kwa viganja, akaiviringisha ndani ya shuka kuukuu lifyonze maji, kisha akaitandaza kivulini juu ya ungo wa kupepetea wimbi. Kuining'iniza juu ya ua kungevuta mabega. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila mwezi.

Asubuhi hiyo alijifunika nayo uso kwa muda mrefu kabla ya kuiweka kwenye karai. Halafu akaiepua sufuria ya maji ya ugali.

"Mama, hayo yanachemka."

"Nayaona."

Akayamimina yote. Akaisugua sweta kwa nguvu kama mtu anayefua gunia, akaisuuza kwa maji baridi, akaisokota. Ilipotandazwa ilikuwa imenywea, na ungo ambao zamani mikono ya sweta ilikuwa ikiupita ulibaki wazi pande zote.

Baba mdogo alikuja Jumapili baada ya chakula. Aliiinua sweta, akaicheka.

"Shemeji, hii ni ya ndugu yangu au ya mbuzi wake?"

"Nilikosea maji."

"Wewe? Wewe uliyemfundisha mke wangu kufua?"

Mama aligeuka kummiminia chai. Baba mdogo aliacha kucheka. Alijaribu kuupitisha mkono wake kwenye mkono wa sweta, ukakwama kwenye kiwiko. Alikaa hivyo kitambo, nusu amevaa.

"Hata mimi nilimzika," alisema.

Aliivua taratibu na kuiacha juu ya kiti, akaondoka bila kunywa chai.

Desturi ilikuwa wazi: nguo isiyomtosha aliyepewa hubaki nyumbani mwa marehemu. Mama aliijua vizuri. Lakini alipoichukua kitini na kuinusa, nilimwona akiishusha haraka. Ilikuwa ikinuka sabuni tu. Aliikunja hata hivyo, akaiweka chini ya mto wake, na huko ndiko nilikoikuta miaka mingi baadaye tulipokuwa tukigawa nguo zake yeye.

Mwisho wa mwezi ule alilipwa fedha za maua yake ya pareto. Alinituma Nyaramba nikiwa na noti zilizofungwa kwenye leso. Baba mdogo alizihesabu, akakataa, kisha akazipokea bila kuniangalia. Zilikuwa shilingi ishirini na tano, bei ya sweta mpya.