Sifa zetu kwa wazima-moto

Leo tumewaharibia wazima-moto wetu wa Butembo kwa kuwasifu.

Mkaguzi wa mairie, ofisi ya meya, alikuja kutuuliza walivyofanya kazi duka la Mama Masika lilipoungua.

Wazima-moto wenyewe walikuwa wamesimama pale pale.

"Balitumika muzuri, papa," akajibu Mama Masika. Sisi majirani tukaitikia, mimi pia.

Mkaguzi alipoondoka, chef wao, mkuu wa kikosi, akatugeukia.

"Mama, juu ya nini hamukusema pompe yetu ya maji ilikufa? Sisi tukisema habatusikie. Tulingojea ninyi museme, juu batupatie ingine."

"Lakini mulibeba muchanga na mikono yenu," akasema Mama Masika. " Ningewachongea namna gani?"

Nilikimbia hadi mairie. Ripoti ilikuwa imekwisha kutumwa.

Jamani, ninyi mngejibu nini mbele yao?