Tangi Walilosema ni Tupu

Mama Ndoo alikuwa amefuta vioo vya jumba la samaki miaka kumi na tisa, na hakuna aliyejaribu kumfundisha kazi akabaki na sauti mbele yake. Kusoma alikuwa anasoma kwa kudonoadonoa, lakini samaki aliwajua mmoja mmoja kwa tabia, kama mtu anavyojua watoto wa dada yake.

Kipenzi chake kilikuwa tangi la tatu. Wageni walipita wakisema, "Hili halina kitu, mchanga tu." Yeye alicheka moyoni. Mle alikaa samaki aitwaye mkunga wa mchangani, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mwenye madoa, ambaye wengi wakimwona hudhani ni nyoka. Nyoka gani? Nyoka wa baharini hupanda juu kuvuta hewa. Huyu ana matamvua yake, anapumua hukohuko chini. Ncha ya mkia wake haina pezi, imechongoka ngumu kama sindano ya magunia. Huingia mchangani kinyumenyume, mkia mbele, mpaka kibaki kichwa tu, na siku nyingine hata hicho hukioni.

Basi akaja msimamizi mpya, kijana mwenye adabu na haraka nyingi. Alifunga taa kali juu ya tangi ili wageni waone vizuri. Wiki tatu zikapita, vipande vya kaa vikielea bila kuliwa. Asubuhi moja akaja na sepeto.

"Mama, amekufa. Tuuzoe mchanga kabla haujaoza."

"Amekufa umemwona?"

"Hajaonekana."

"Na mimi jana hukuniona. Nilikufa?"

Fundi wa pampu, aliyekuwa akikaza bomba kando yao, akaguna kwa kicheko. Mama Ndoo akavuta kiti, akakaa kati ya sepeto na tangi, ndoo mapajani.

"Hilo sepeto litamkata vipande viwili, mwanangu. Hana hata magamba ya kumkinga. Anawinda gizani, wewe umemwashia jua. Nipe giza mpaka saa saba mchana. Asipotoka, zoa, na mimi nitazoa virago vyangu."

"Mkubwa, huyo mama hasogei," fundi alimwambia msimamizi. "Marehemu mumewe alijaribu miaka thelathini."

Msimamizi akatazama saa, akazima taa. Wakafunika tangi kwa mashuka mawili mazito. Chai ya Mama Ndoo ikapoa mkononi. Usoni alikuwa mkavu, lakini moyoni alijiuliza: itakuwaje kama kweli amekufa, naye ameshajitia kitanzi mwenyewe?

Saa sita na nusu akainua pembe ya shuka. Mchanga mtupu. Akashusha kijiti chenye kipande cha kaa, akakishikilia bila kutikisika.

"Usitafute samaki," alimnong'oneza kijana. "Tafuta vitundu viwili. Pua zake ziko kwenye mdomo wa juu, zinachungulia kama vijibomba."

"Sioni... Hapo?"

Mchanga ukapasuka. Kichwa chenye madoa kikachomoka, kikanyakua kaa, kikarudi nyuma polepole, mpaka mchanga ukajifunika.

Msimamizi akalaza sepeto sakafuni. "Nisamehe, mama. Ningemkata."

"Ungemkata, ndiyo," alisema Mama Ndoo, akijifuta macho kwa kitambaa cha vioo. "Sasa kalete ngazi. Taa uliifunga wewe, utaifungua wewe. Magoti yangu hayana kazi na ngazi zenu."